Alama Nyekundu

Mwamuzi, afande wa polisi aliyestaafu, aliingiza gongo la kriketi la Ayot katika kipimo cha unene, kitundu ambacho kila gongo halali lazima lipite. Gongo likakwama mbele ya uwanja wote wa Lugogo.

Ulibaki mpira mmoja. Shule ya Ayot ilihitaji mikimbio minne ili ishinde.

"Sukuma, afande!" wenzake walipiga kelele. "Ni stika tu hiyo!"

"Nikisukuma kwa nguvu litapita," afande alimwambia Ayot. "Kapteni, nisukume?"

Ayot aliinama kutazama. Gongo hilo jipya lilikuwa na kingo nene kama mkate, ndiyo maana hata mipira aliyoikosea iliruka juu ya kamba ya mpaka wa uwanja. Sasa akaona alama nyekundu za mipira hiyo. Zote zilikuwa kwenye kingo. Katikati, mahali pa kupigia, palikuwa peupe kama sahani ya bweni siku ya nyama.

Msimu mzima hakuwahi kuupiga mpira sawasawa.

"Usisukume, afande," alisema kwa sauti ya mazishi. "Leteni lile la zamani."

"Lile jembamba? Ayot, unatuua!"

Akalipokea, akasimama wima. Kule mbali, mrusha mpira akaanza kukimbia.