Sanduku la Mbwego

"Fungua sanduku lako, tapeli," mwalimu wa fizikia alisema, akimtupia Mbwego bisibisi miguuni mbele ya majirani waliojaa uwanjani kwake. "Hakuna umeme unaotoka kwenye utupu."

Mbwego aliiokota bila haraka. Taa ya sanduku lile ilikuwa na miaka mitatu ikiwaka bila waya wala jua, naye alikuwa amewaapia majirani kwamba wakikuta hila ndani, atahama mji. Akalegeza skrubu nne, akainua mfuniko.

Chini ya koili zake kulikuwa na betri ya pikipiki, imefungwa kwenye kanga nyekundu.

Uwanja mzima ukazomea. Mbwego, ambaye hakuwahi kuiweka betri ile, aliinua macho hadi mlangoni pa nyumba yake. Mkewe alikuwa amesimama pale, uso hakuuinamisha, kajifunga kipande cha pili cha doti ile ile.