Zamu ya Marehemu

Tangu mumewe azikwe, Shemsa hakuigusa kompyuta. Siku hiyo bintiye, Tunu, alikuja kuichukua, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele yake.

“Ngoja kwanza nilione bao letu,” Shemsa alisema. Humo ndimo yeye na marehemu walimokuwa wakicheza, kila mtu kwa zamu yake.

“Litakuwa vilevile, mama. Ukilifungua upya linakurudisha pale pale mlipoachia.”

Waliachia kwenye zamu ya mumewe. Shemsa alikumbuka vizuri.

Aliinama akaandika neno la siri, bao likafunguka. Kete za Shemsa za mbele zilikuwa zimeliwa zote, na chini pameandikwa: Zamu yako, Shemsa.

“Umelichezea?”

“Mimi? Hata neno la siri silijui.”

Shemsa alisogea karibu, macho kwenye kioo.

“Tunu,” akasema taratibu, “inuka kwenye kiti cha baba yako.”