Ujumbe wa Baba

Niliiruti simu ya mama, yaani nikavunja kufuli za mfumo zilizowekwa kiwandani ili nimwondolee matangazo. Ikakwama katikati ya kuwaka. Nimehangaika mpaka maji yamenifika shingoni. Kioo kimebakiza njia moja: futa vyote.

"Mwanangu, niletee simu nimsikilize baba yako," mama anaita kutoka chumbani. Macho yake hayaoni. Kila jioni husikiliza ujumbe wa sauti wa marehemu, simu kaibana sikioni, sisi tusisikie.

Kidole gumba kinateleza kwa jasho. Nabonyeza.

Inawaka, tupu. Nakohoa, naigiza sauti nzito ya baba, najirekodi: "Mama watoto, nimefika salama."

Mama anasikiliza. Anarudia. Kisha ananirudishia simu taratibu.

"'Mama watoto' aliniita mbele yenu tu," anasema. "Humu kwenye simu aliniita kwa jina langu."