Mkono wa Marehemu Ubwa

Pandu alikuwa anawaeleza watu jinsi alivyoibandika sumaku ya spika kwenye mkono wa maiti. Anaeleza huku anatafuna sambusa, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

"Tumemuosha sisi, kwa mikono yetu hii," alisema. "Nikaiweka hapa begani, alipochomwa ile chanjo ya korona. Ikaanguka."

"Ikaanguka?" waliuliza wenzake, kama waliovunjika moyo.

"Ikaanguka, sheikh! Maana yake chuma chote kishateremka moyoni. Ndicho kilomuua."

Wakatikisa vichwa, nusu kwa huzuni, nusu kwa kuridhika. Suhaib, aliyekaa pembeni ya busati, alisikia kinyaa. Yeye ndiye mchanjaji wa kituo cha afya, na marehemu Ubwa alikuwa rafiki yake tangu walipokaa jamvi moja chuoni wakisoma Kurani. Leo ilikuwa hitma yake, mbele ya nyumba yake hapo Mpendae. Wiki moja baada ya kuchanja, Ubwa alianza kukohoa, pumzi zikambana, akafa. Mtaa ulishapata jawabu kabla udongo wa kaburi haujakauka.

"Na tundu la sindano hamkuliona?" aliuliza Mzee Silima.

"Hata dalili! Mkono safi kama wa mtoto mchanga. Sindano gani hiyo isoacha alama? Wazungu wana akili, jamani."

Watu hawa huwezi kuwashinda. Sumaku ikinasa ni ushahidi, isiponasa ni ushahidi. Tundu likionekana balaa, lisipoonekana balaa zaidi.

Mzee Silima alikohoa kikohozi kizito cha kutoka ndani, akajifuta mdomo kwa kiganja, akapokea kikombe cha dawa. Yalikuwa maji ya karafuu na ndimu na kitu kingine kilichonuka mafuta ya taa, yametoka Kidichi kwa mtu aliyedai kaoteshwa. Kikombe chenyewe kimoja kwa kadamnasi nzima. Mzee akanywa, akaulamba ukingo, akampa wa pili. Kilipomfikia Suhaib, alikipitisha bila kukigusisha mdomoni.

"Huyo hanywi," alisema Pandu. "Huyo ana zake."

Walicheka, wala si kicheko cha kirafiki. Siku nyingine Suhaib angewajibu, tena kwa ukali. Leo aliinuka, akatafuta viatu vyake.

"Suhaib!" Sauti ilitoka uani.

"Naam, mama," aliitika, akaenda uani.

Bi. Mwamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, miguu imemvimba kama kawaida yake. Ana sukari, ana presha. Suhaib alikuwa amembembeleza muda mrefu mpaka akakubali kuja kuchanja Jumatatu. Aliwajua wenye sukari waliopatwa na maradhi haya, watu wa umri wa mama yake, na wengi wao hawakurudi kulala vitandani mwao.

"Mwanangu, nshasikia mengi huko mbele. Wanasema nikichanja Jumatatu, Ijumaa sifiki."

"Upuuzi, mama. Ubwa kauliwa na maradhi yenyewe. Dalili zote nliziona."

"Lakini si alichanja?"

Nyuma ya pazia la chumba, Maryam, mjane wa Ubwa, alikuwa ndani ya eda. Sauti yake ilitoka taratibu.

"Bi. Mwamvua, msimtie Suhaib makosani. Mkono wake mwepesi. Ubwa alivyorudi siku ile alinambia hata hakusikia. Wala homa hakupata, asubuhi yake kenda zake Kendwa hotelini. Si ndo walimwambia asochanja asirudi kazini?"

"Ahsante, Maryam," alisema Suhaib. Mtaa mzima, aliyesimama kumtetea alikuwa mfiwa mwenyewe. Utetezi ule ulimchefua kuliko sumaku ya Pandu.

Bi. Mwamvua aliishika kanzu yake, akamvuta ainame.

"Mie siwasikilizi wale na sumaku zao. Nakuuliza wewe, mtoto wangu. Siku ile mlikuwa wachanjaji wengi. Labda kachomwa na mwengine asojua kazi. Ukinambia siye wewe ulomchoma, Jumatatu nakuja, na watu waseme watakavyo. Nambie kweli. Ulimchoma wewe, kwa mkono wako?"

Neno moja lingetosha. "Hapana," na mama yake angekaa kwenye kiti cha chanjo. Lakini watu walishajazana kwenye mlango wa ua, Pandu mbele, masikio wima, sambusa ingali mkononi. Suhaib aliwatazama mmoja mmoja, akawachukia wote, akawachukia kwa ujinga wao na kwa vidole vyao vya mafuta.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilimchoma kwa mkono wangu."

Mlangoni watu waliguna. Bi. Mwamvua aliiachia kanzu, akaupitisha mkono wake usoni kwa mwanawe, polepole.

"Ahsante kwa kunambia kweli," alisema. "Hukunificha, na radhi yangu unayo. Lakini mie sichanji tena, wala usinibembeleze."

Suhaib aliinamisha kichwa. Jioni ile ya chanjo wachanjaji wenzake walikuwa wameshaondoka, wamebaki wawili tu, yeye na Ubwa, na Ubwa akamshika magoti akilia kwamba sindano itamuua, kwamba anachotaka ni cheti cha kurudi kazini basi. Na Suhaib, kwa ajili ya urafiki, aliimwaga dawa yote kwenye sinki, akamjazia cheti na kukitia saini yake, akambandika plasta juu ya ngozi isiyotobolewa.