Miguu kwa TV Kubwa

"Oneni hiyo picha! Hata nyasi unaweza hesabu," mwenye studio akasema, akaisimamisha hapo kwa miguu yetu.

TV yake mpya ilikuwa kubwa kuliko kabati yetu. Alikuwa ametuita hapo Ruiru, mimi, Mama, dada yangu Nyokabi na yule wa kumuoa, tuone kazi yake, ndio tumpatie kazi ya video ya harusi ya Nyokabi, Jumamosi. Hii alipiga siku ya ruracio, ile ya kuleta mahari, wakati wasichana tulifunikwa leso kutoka kichwa, miguu tu ikionekana, yule wa kumuoa akaambiwa amtafute Nyokabi kati yetu.

"Endelea," yule wa kumuoa akamwambia mwenye studio. "Hapo ndio nilimpata!"

Picha ikasonga. Viatu vyake vikafika mbele yetu. Mguu wa Nyokabi ukarudi nyuma, vidole vimekunjwa, ukajificha nyuma ya wangu.

Siku hiyo nilidhani anacheza. Hata nilicheka ndani ya leso.

"Ona vile alikuwa ananiringia!" yule wa kumuoa akasema, akicheka.

Mama hakucheka. "Rudisha hapo," akasema. Akauangalia huo mguu ukijificha tena, clear kabisa, mpaka kucha.

"Sasa mama, Jumamosi nije?" mwenye studio akauliza.

Mama akageuka. "Nyokabi, tumwambie aje?"

Chini ya benchi, mguu wa dada yangu ukatafuta wangu, ukiwa baridi vile ulikuwa siku hiyo.

Nikaukanyaga kidogo.

"Sema," nikamwambia.