Mkate wa Shakwe

"Unawarushia mkate mbele ya macho yangu!" Bi. Rosalie Gaudette alifoka. "Na kibao hicho hapo, juu ya kichwa chako!"

Mwanamume aliyekaa ndani ya pikapu chafu hakugeuka. Alikata kipande kingine kwa meno, akakirusha dirishani kwa mkono wa kushoto. Kikaanguka palepale vilipoanguka vingine vyote, katikati ya nafasi tupu ya kuegesha magari. Shakwe wakakirukia kwa kelele.

"Taratibu, mama," alinong'ona. "Utawatisha."

"Niwatishe? Nataka watishike mpaka wavuke mpaka wa jimbo!"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi nje ya supamaketi, na Bi. Gaudette alikuwa na haki ya kukasirika. Kibao kile alikipigania yeye mwenyewe, mkutano baada ya mkutano, mpaka Idara ya jimbo, ile ya bustani na maji, ikakisimika: USILISHE SHAKWE. WANALALA KWENYE MAJI UNAYOKUNYWA. Mchana walishiba hapa. Jioni waliruka kwenda kulala juu ya bwawa la Kettle Hill, na walichokula mchana wakakiacha humo. Msimu wa vuli uliopita mji mzima ulichemsha maji kwa sababu yao. Sasa mjukuu wake wa kwanza, Noelle, alikuwa anatoka hospitali siku hiyohiyo, na maziwa yake ya unga yalihitaji maji. Ndiyo maana toroli la Bi. Gaudette lilijaa katoni za maji ya chupa, na ndiyo maana hakuwa na subira.

"Una habari kwamba kuna mtoto mchanga atakunywa hicho unachokifanya?"

"Mama, mimi ni—"

"Mlevi, naona. Huo mkono wa kulia umeficha nini chini ya kiti?"

Mwanamume aliutazama mkono wake kama aliyekuwa ameusahau. "Siwezi kuutoa sasa hivi."

"Nilijua! Saa tatu asubuhi!"

"Sogea kushoto kidogo, tafadhali. Hapo uliposimama si pazuri."

"Nitasimama ninapotaka. Hapa si kwa baba yako." Lakini toroli lilikuwa limeanza kuteleza lenyewe, ikambidi alifuate, na lilikuwa linateleza kushoto.

"Namngoja mmoja tu," mwanamume alisema. "Yule wa kijani. Nikimpata, naenda zangu."

Bi. Gaudette aliinua macho. Juu ya nguzo ya taa alikaa shakwe mnene mwenye kipande cha plastiki ya kijani bawani, akiwatazama kwa jicho moja.

"Kwa hiyo una miadi na ndege."

"Ana mali yangu huyo. Ameondoka nayo tangu Machi. Na ananijua, mshenzi. Hata jaketi ya kazi nimeiacha nyumbani. Akiiona tu, haji."

Bi. Gaudette alikuwa amelea wavulana wanne na mume mmoja. Alijua mazungumzo yanapofika mahali pa kuachwa. Akatoa simu.

"Nawapigia Idara."

"Hawapokei," alisema mwanamume kwa huzuni ya kweli. "Nisikudanganye."

Hapo, angalau, walikubaliana. Idara ile ilifyeka nyasi za barabara za bustanini zikawa kama zulia, ilikusanya kiingilio ufukweni bila kumsahau mtu, na mabwawa iliyazungushia uzio ambao hata sungura aliufikiria mara mbili. Simu tu ndiyo iliyowashinda. Tangu theluji iyeyuke Bi. Gaudette alikuwa akiwapigia, akaishia kusikiliza kinanda wanachopigiwa wanaosubiri.

"Leo watapokea," alisema, akabonyeza namba za kibaoni moja baada ya nyingine kwa kidole cha hasira.

Sauti ya mashine ikamwambia kwamba ofisi imefungwa. Asubiri, ataunganishwa na afisa wa zamu. Kinanda kikaanza.

Shakwe wa kijani akashuka kutoka kwenye nguzo. Alitua pembeni ya kundi, akatembea polepole huku na huku, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Mwanamume akaacha kutafuna.

Kinanda kikakatika, na simu ikalia. Ililia kifuani mwa mwanamume.

Alitazama mfuko wake wa shati. Akamtazama shakwe, ambaye sasa alikuwa na miguu yote miwili juu ya mkate. Akadondosha kipande kilichobaki, akapeleka simu sikioni, na Bi. Gaudette akaisikia sauti moja kwa masikio mawili, huku ikitoka kwenye simu na huku dirishani:

"Idara, Kitengo cha Maji, Piekos hapa. Usitikisike, mama."

Mkono wa kulia ukavuta kamba. *Pu!* Wavu ukaruka kutoka chini ya pikapu, ukalifunika kundi zima. Pembeni kabisa, shakwe wa kijani, mgongoni amebeba kimtambo cha Idara cha kufuatilia ndege, chenye waya mwembamba, alikuwa amekwisha kupata upenyo na anachomoa kichwa. Bi. Gaudette alikata simu, akanyanyua katoni ya maji ya Noelle kutoka kwenye toroli, akaitua juu ya pindo la wavu, kisha akaikalia.