Makofi ya Nguchiro

Ukame ulipowagombanisha wanyama wa mtoni na wa nyikani, Hondohondo alizunguka akihubiri kwamba maji ni ya wote. Nusu walimshangilia, nusu waliapa kumuua. Mpelelezi Nguchiro, mwenye pua isiyokosea, akapewa kazi ya kumlinda.

Alimnusuru mara nyingi, lakini makofi yote yalimwendea Hondohondo. Kijicho kikamtafuna Nguchiro moyo.

Siku moja, katikati ya hotuba, akanusa harufu ya nyoka Swila akinyemelea kichuguu alichosimamia Hondohondo. Nguchiro akajikausha. “Mwache atishike kwanza,” akawaza, “ndipo ajue nani anayemweka hai.”

Hapo Hondohondo akamwelekezea bawa. “Ndugu zangu, mnanisifu mimi bure. Bila huyu ningekwisha kufa zamani. Mshangilieni Nguchiro!”

Umati ukalipuka kwa shangwe. Nguchiro akaruka akipiga kelele, “Bwana, nyoka!” Sauti yake ikamezwa na makofi, na Swila akauma.

Nguchiro alimuua Swila palepale, lakini Hondohondo alikuwa amekwisha kukata roho. Wanyama wakamzunguka mlinzi wakilia, “Pole, ndugu yetu, ulijitahidi.”

Kila pole ilimchoma kuliko jino la nyoka.